Msosi wa Kilabu cha Mnazi Umefika Manhattan, Lakini Mvuvi Amebaki Wapi?

Kuna hoteli moja Manhattan, New York, inaitwa Chatti. Chatti kwa Kimalayalam ni chungu, kile cha udongo ambacho shosho alikuwa anapikia kabla sufuria zijae kila keja. Ilifunguliwa 2024 na mpishi anaitwa Regi Mathew, msee wa Kerala, kule kusini magharibi mwa India, na wazo zima la menyu yake limetoka kwa vilabu vya mnazi.

Eeh, umesoma poa. Mnazi. Ile kitu Kilifi wazee wanakunywa kwa mangwe chini ya mwembe, na wewe ukienda huko Desemba unapiga picha moja ukicheka halafu unarudi Nairobi kuagiza koktelu ya thao moja.

Kuna jambo kubwa linaendelea kwa dunia ya msosi, na ukidhani ni stori ya matajiri kula samaki kwa jani la mgomba utakuwa umepitwa. Hii ni stori ya ganji, ya heshima, na ya nani anaomoka wakati chakula cha watu wa chini kinapanda ngazi. Na ikifika mwisho itakugusa wewe na samaki wako wa kupaka.

Kilabu cha kallu ni nini?

Kerala wanagema mnazi kama tunavyogema sisi. Mgema anapanda mti, anakata karara, anafunga chungu, anarudi baadaye kuteremsha. Asubuhi inakuwa tamu, ikikaa inakuwa kali. Wao wanaiita kallu. Vilabu vyake vina leseni ya serikali, na juu ya mlango kuna kibao cheusi chenye maandishi meupe. Ukikiona unajua uko wapi.

Lakini watu hawaendi pale kwa kallu peke yake. Wanaendea msosi. Samaki wa mchuzi mwekundu unaowasha mpaka masikio, kaa, kome, nyama iliyokaangwa na vipande vya nazi, muhogo uliopondwa. Pilipili inawekwa kwa makusudi: ukiwashwa unakunywa, ukinywa unaagiza tena. Biashara safi.

Kwa miaka mingi familia za "heshima zao" hazikutaka kuonekana pale. Chakula kilikuwa kitamu, kila mtu alijua, lakini ilikuwa siri ya wanaume na walevi. Unaona vile stori inafanana?

Sasa cheki alichofanya Mathew. Kabla ya New York kulikuwa na Chennai. 2018 yeye na washirika wake walifungua hoteli huko inaitwa Kappa Chakka Kandhari. Hayo maneno matatu ni muhogo, fenesi na pilipili kichaa. Hebu waza mtu afungue hoteli ya pesa Westlands aite "Muhogo Fenesi Pilipili Kichaa". Mbogi ingemcheka kabla afungue mlango.

Lakini kabla ya kufungua, walizunguka Kerala kwa miaka kadhaa. Waliingia nyumba kwa mamia na vilabu vya kallu kwa makumi, wakikaa jikoni na kina mama, wakiuliza hii inawekwa saa ngapi, hii mbona inakaangwa kwanza, hii nyanyako alikufundisha aje. Walichoandika ndicho kikawa menyu. Hiyo ni utafiti, buda. Kuna watu wamepata digrii kwa kazi ndogo kuliko hiyo.

Kwa nini sasa?

Kwa muda mrefu, ukisema "chakula cha Kihindi" huko majuu, watu waliwaza naan, kuku wa mchuzi wa siagi na tandoori. Hicho ni chakula cha kaskazini. Kusini kuna wali, nazi, samaki, ukwaju na majani ya mchuzi, na ilikuwa kama hakuna. Ukipata dosa ilikuwa kwa hoteli ya bei rahisi, mezani kuna kibandiko cha plastiki.

Hata hapa kwetu ni hivyo. Vibarua walioletwa kujenga reli kati ya 1896 na 1901 wengi walitoka Punjab, na wafanyabiashara wengi walitoka Gujarat. Ndiyo maana tulirithi chapati na bajia mpaka tukasahau kwamba zilikuja na meli. 2017 serikali ikatambua Wakenya wenye asili ya Asia kama kabila la 44, lakini chapo ilishapewa kitambulisho zamani. Dosa bado unaipanda hadi Parklands kuitafuta.

Kilichobadilika ni kwamba wapishi wa kusini waliacha kuomba msamaha. Mfano mkubwa ni Semma, pia New York, inayopika chakula cha Tamil Nadu, jirani wa Kerala. Ilifunguliwa 2021, ikapata nyota ya Michelin mwaka uliofuata, na 2025 gazeti la New York Times likaiweka namba moja kwa orodha yake ya hoteli bora 100 za jiji. Namba moja, juu ya Wafaransa na Wajapani wote. Mpishi wake Vijay Kumar akachukua tuzo ya James Beard mwaka huo huo.

Na moja ya sahani zilizompa jina ni konokono. Kumar alikulia kwa familia ya wakulima wa mpunga, na amesimulia hadharani vile walikuwa wanaokota konokono mashambani kwa sababu ndicho kilichokuwepo, na vile utotoni alikuwa anaona haya watu wakijua anakula hivyo. Leo watu wanapigania meza wazile.

Konokono ni walewale. Chungu ni kilekile. Kilichopanda ni jina.

Muhogo wao, muhogo wetu

Usidhani hii ni dunia ya mbali. Kerala ina pwani ya karibu kilomita 590, yetu inapita 500, na katikati kuna bahari moja tu. 1498 Vasco da Gama alitoka Malindi na nahodha aliyejua njia, upepo ukamsukuma mpaka Calicut, ambayo leo iko Kerala. Wafanyabiashara wa bahari hii walikuwa wameshapita njia hiyo karne kibao kabla yake. Pilipili manga, nguo, mchele, meno ya ndovu, vyote vilisafiri. Na mapishi pia.

Chukua samaki wa moilee. Ni samaki kwa tui la nazi, manjano kidogo, pilipili mbichi, tangawizi, moto wa chini ili tui lisikatike. Mpe mathee yeyote wa Mombasa hiyo orodha, atakuuliza "sasa hiyo ngeni ni gani?" Chukua karimeen pollichathu, samaki anayepakwa viungo, anafungwa kwa jani la mgomba na kuchomwa taratibu. Karimeen ni samaki wa maji ya chumvi kidogo, na 2010 Kerala walimtangaza kuwa samaki rasmi wa jimbo. Sisi tuna samaki wa kupaka na hatujamtangaza popote.

Halafu kappa na mchuzi wa samaki, yaani muhogo. Muhogo haukuwa wa India wala wa Afrika. Wareno waliutoa Amerika Kusini wakausambaza pande zote mbili za bahari. Kule Kerala, mfalme wa Travancore aliusukuma kwa wakulima miaka ya 1880. Vita vya pili vya dunia vilipokata mchele uliokuwa unatoka Burma, muhogo ndio ulishikilia watu wasife njaa. Kwa hivyo ukawa na jina la chakula cha shida. Leo ndilo neno la kwanza kwa kibao cha hoteli ya Mathew.

Sisi muhogo tunakula pale Lighthouse Mombasa, umechomwa, ndimu na pilipili juu, upepo wa bahari usoni. Ni mtamu hatari. Lakini ukialika wageni nyumbani huwezi uweka mezani, utaonekana umesota. Hapo ndipo tofauti ilipo. Wao walibadilisha aibu ikawa bidhaa. Sisi bado tuko na aibu.

Sasa ngoja tuangalie upande wa pili wa sahani

Hapa ndipo waandishi wengi wa msosi huishia. Picha ya chungu, sifa kidogo, kwaheri. Lakini chakula cha pwani kina mtu nyuma yake anaitwa mvuvi, na 2025 mvuvi wa Kerala alipigwa mweleka mbaya.

Tarehe 25 Mei 2025, meli ya mizigo inayoitwa MSC Elsa 3, yenye bendera ya Liberia, ilizama karibu na pwani ya Kerala ikiwa na kontena 640. Kontena 13 kati ya hizo zilikuwa na mizigo hatari, na 12 za hizo zilibeba kalisiamu kabaidi, kitu ambacho kikigusana na maji kinatoa gesi inayoshika moto. Mabaharia wote 24 waliokolewa, shukrani. Lakini kontena zilianza kuletwa na mawimbi kwa fuo za Kollam na Alappuzha. Kwa fuo zingine, mpaka Thiruvananthapuram, zikaja punje za plastiki, ndogo kama mchele, mamilioni kwa mamilioni. Watu wa kujitolea waliinama kwa mchanga wakizichuja kwa mkono.

Serikali ya jimbo ikatangaza kuwa hilo ni janga. Wavuvi wakaambiwa wakae mbali na meli, maili 20 za bahari. Wanunuzi wakaogopa samaki. Na wiki mbili baadaye, usiku wa tarehe 9 Juni, ikaanza marufuku ya kila mwaka ya siku 52 kwa meli za kukokota nyavu, inayowekwa wakati wa masika ili samaki wazaane. Marufuku hiyo ni kitu fiti, lakini mwaka huo ilimkuta mtu tayari ako chini.

Msaada wa haraka uliotangazwa kwa familia za wavuvi za wilaya zilizoguswa ulikuwa rupia 1,000 na kilo 6 za mchele. Rupia 1,000 ni kama KSh 1,500. Kwa Manhattan hiyo haikununulii sahani ya samaki.

Kwa upande mwingine, jimbo la Kerala lilienda mahakamani kudai rupia bilioni 95.31 kutoka kwa wenye meli, zaidi ya bilioni 140 za Kenya. Soma hizo namba mbili pamoja: bilioni 140 kwa karatasi za mawakili, thao moja na soo tano mkononi mwa familia. Hata kama kesi itaisha vizuri, mtoto hali uamuzi wa korti.

Na hawa si watu wa kudharauliwa. Agosti 2018 mafuriko yalipomeza Kerala, ni wavuvi waliobeba mashua zao kwa malori wakaenda bara, wakaopoa maelfu ya watu kutoka kwa mapaa. Nchi nzima ikawapigia makofi. Makofi hayana riba.

Sardini alipotoweka

Shida ya pili haina picha ya kutisha kama meli inayozama. Samaki wa mtu wa kawaida Kerala ni sardini, wanamuita mathi. Ndiye omena wao: wa bei rahisi, anapatikana kila mahali, mboga ya kila nyumba. 2012 Kerala ilivua takriban tani 390,000 za sardini. 2021 ilikuwa zaidi kidogo ya tani 3,000. Hujasoma vibaya. Kutoka laki tatu na tisini mpaka elfu tatu, kwa miaka tisa.

Sababu zinazotajwa ni joto la bahari, mabadiliko ya mvua, na kuvua samaki wachanga. Sardini amerudi kiasi tangu hapo, na jimbo liliweka sheria kwamba wa chini ya sentimita 10 asivuliwe. Lakini waza: wakati chakula cha pwani kilikuwa kinapata majina makubwa duniani, mtu wa pwani yenyewe alikuwa anakosa samaki wake wa bei rahisi. Sahani inapanda, bahari inashuka.

Nani analipwa?

Sasa tufike kwa swali lenyewe. Je, Mathew na wenzake wamefanya vibaya? Mimi nasema hapana. Mtu aliyekaa jikoni na kina mama mia mbili na kitu, akaandika, akapika vizuri na akataja alikotoa, ameongeza kitu duniani. Hoteli kama hiyo inaajiri watu, inafanya mtoto wa Kerala aliyezaliwa New York asione haya na chakula chake cha shule. Hiyo ni kazi.

Lakini sheria haimlindi yule mama. Mapishi hayana mwenyewe. Ukiimba wimbo wa mtu unalipa, ukipika samaki wa shosho wa mtu unalipwa. Hata jina tu ni shida. Miaka ya 2000 kampuni moja Uingereza ilijaribu kusajili neno "kikoy" kama alama yake ya biashara, Wakenya wakapinga na ombi likaanguka. Kama kikoi ilihitaji kupiganiwa, wali wa nazi utajilinda aje?

Kilichonishangaza Kerala ni kwamba hawakusubiri hoteli za Manhattan ziwe na huruma. Walianza na ufuo. 2021 walipitisha sheria ya mnada wa samaki, ambayo inasema dalali hawezi kukata zaidi ya asilimia 5. Kabla ya hapo, mvuvi aliyekopeshwa pesa za nyavu na dalali alikuwa analazimika kumuuzia huyohuyo, kwa bei ya huyohuyo. Pia wana shirikisho la vyama vya ushirika vya wavuvi, Matsyafed, lililoanzishwa 1984. Bado kuna malalamiko, na si kila mnada unafuata sheria. Lakini wameelewa kwamba heshima ya chakula inaanza pale samaki anapotoka kwa mashua, kabla ya kufika kwa jani la mgomba.

Na sisi je?

Sisi tuna vikundi vya usimamizi wa fuo, vile tunaita BMU, na vimetambuliwa na sheria ya uvuvi ya 2016. Kwa karatasi tuko sawa. Lakini kumbuka Lamu. 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe KSh bilioni 1.76 kwa sababu bandari mpya iliwaharibia maeneo ya kuvua. Ukigawa ni kama laki tatu na themanini kila mmoja. Malipo yakavutwa mwaka baada ya mwaka, mikutano juu ya mikutano, na kuna wazee walizeeka zaidi wakiyangoja. Kerala na Lamu ni bahari moja na stori moja: meli kubwa hupita, mvuvi hubaki na fomu ya kujaza.

Na mgema? Waswahili walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wetu hatujawahi hata kumsifu. Tunamkumbuka polisi wakivamia mangwe. Kerala mgema ana chama, kilabu kina leseni, na sasa msosi wa kilabu uko Manhattan. Kilifi kuna minazi ya kutosha na wapishi wa kutosha. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi chini na kuandika.

Na hapa naongea na mayut wenye simu, maana hii kazi haihitaji digrii. Hiyo simu unayorekodia densi inaweza kurekodi shosho wa Takaungu akipika mchuzi wa papa. Andika jina lake. Andika kijiji. Andika anatumia ukwaju kiasi gani na mbona anaweka kabla ya tui. Kuna mtu siku moja atafungua hoteli ya kifahari ya chakula cha Mswahili, iwe Nairobi, iwe Dubai, iwe London. Hilo litatokea, sina wasiwasi. Swali ni kama atakuwa mtu wetu, na kama kutakuwa na rekodi ya kuonyesha alikopata.

Kitu cha pili ni rahisi zaidi. Next taimu uko pwani na umeletewa samaki wa thao mbili kwa hoteli ya ufuoni, muulize weita amenunuliwa kwa nani na kwa bei gani. Uliza bila kelele, kwa heshima. Kama anajua jina la mvuvi, hapo pesa yako inafika mahali. Kama hajui, tembea asubuhi mpaka mashua zinaposhukia, nunua mwenyewe kwa kilo, kisha tafuta mama wa kukupikia na umlipe vizuri. Utakula samaki freshi kuliko wa Manhattan, na wale wawili waliokulisha utakuwa umewaona kwa macho.